Aombaye Ridhaa: Mike Mansfield na Shughuli za Kila Siku za Seneti

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Upande wa pili wa methali hiyo hausemwi mara nyingi, nao ni kwamba debe lililojaa huweza kupitwa na watu wasijue kama limo njiani. Ndivyo ilivyo kazi ya Kiongozi wa Wengi katika Seneti ya Marekani. Mgeni aliyefika Washington akitarajia kusikia ndimi za moto huketi katika roshani ya watazamaji na kumwona mtu mmoja akisimama kwenye dawati la mbele, akitazama kijikaratasi, na kutamka maneno makavu. Huomba ridhaa ya wote kwamba kesho Seneti ikutane saa nne asubuhi. Kwamba mswada fulani ujadiliwe kwa saa mbili, nusu kwa upande huu na nusu kwa upande ule. Kwamba kura ipigwe alasiri. Anayekalia kiti hujibu kuwa, maadamu hakuna pingamizi, imeamuliwa hivyo. Mgeni hupiga miayo. Ilhali ni katika dakika hizo za miayo ambapo sheria za taifa zima hupita au hukwama.

Cheo chenyewe ni cha ajabu. Katiba ya Marekani humtaja Makamu wa Rais kuwa msimamizi wa Seneti, na humtaja rais wa muda anayeshika kiti Makamu asipokuwapo. Kiongozi wa Wengi haimtaji popote. Yeye huchaguliwa na wenzake wa chama, na wenzake hao ni watu wasiomwogopa, kwani kila mmoja ametumwa na jimbo lake kwa miaka sita. Hawezi kumfukuza seneta, hawezi kumnyamazisha, wala hawezi kumlazimisha apige kura atakavyo yeye. Silaha yake kuu ni desturi iliyotangazwa mwaka wa 1937 na Makamu wa Rais John Nance Garner, kwamba maseneta kadhaa wakisimama kwa wakati mmoja kutaka kusema, kiongozi ndiye apewe nafasi ya kwanza. Mamlaka yake yote, basi, yamejengwa juu ya haki ya kusema kwanza. Na neno analolisema kwanza, aghalabu, ni ombi. Seneta mmoja tu akitamka kwamba anapinga, ombi hilo huwa limekufa.

Katika lugha ya Kiswahili neno ridhaa ni ndugu wa radhi. Atakaye ridhaa ya mwenzake na amwombaye mwenzake radhi hunywa maji ya kisima kimoja: wote wawili wamekubali kwamba aliye mbele yao ana haki ya kukataa. Katika historia ya Seneti ya Marekani hakuna aliyeishi ndani ya neno hilo kwa muda mrefu kuliko Mike Mansfield wa jimbo la Montana. Alikuwa Kiongozi wa Wengi kuanzia mwaka wa 1961 hadi 1977, miaka kumi na sita, na hadi leo hakuna aliyemfikia kwa urefu wa kuishika kazi hiyo.

Maisha yake ya awali hayakuashiria makuu. Alizaliwa mjini New York mwaka wa 1903. Mamake alipofariki, alipelekwa kulelewa na jamaa mjini Great Falls, Montana. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne alidanganya kuhusu umri wake ili aingie katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye akahudumu katika jeshi la nchi kavu na katika kikosi cha Marine. Aliporudi kwao alishuka migodini mjini Butte kuchimba shaba. Huenda angezeekea huko chini lau asingekutana na mwalimu mmoja, Maureen Hayes, aliyemhimiza arudi masomoni na hatimaye akawa mkewe. Mchimba migodi akawa msomi, na msomi akawa mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Montana, akifundisha habari za Mashariki ya Mbali na Amerika ya Kilatini. Aliingia katika Baraza la Wawakilishi mwaka wa 1943, kisha Seneti mwaka wa 1953. Mtu aliyefanya kazi gizani chini ya ardhi hujifunza jambo moja ambalo mtu wa jukwaani hulijua kwa nadra: kwamba dari huzuiwa isianguke na nguzo ambazo hakuna azisifuye.

Mtangulizi wake katika uongozi alikuwa Lyndon Johnson wa Texas, na tofauti baina yao ilikuwa ya mbingu na ardhi. Johnson alikuwa mtu wa kumwinamia seneta hadi pua zigusane, akimshika bega, akimbembeleza, akimtisha, akimkumbusha fadhila za jana na hasara za kesho. Mansfield alivuta kiko chake na kunyamaza. Waandishi wa habari waliomhoji walilazimika kujiandalia maswali mengi kupita kiasi, kwani swali refu lilipata jibu la neno moja, ndiyo au la. Kila asubuhi alikula kiamshakinywa na Seneta George Aiken wa Vermont, ambaye alikuwa wa chama pinzani. Mambo mengi ambayo wengine wangeyatafuta kwa vishindo ukumbini, yeye aliyatafuta kwa kikombe cha kahawa.

Si kila mtu aliyependezwa na utaratibu huo. Kufikia mwezi wa Novemba mwaka wa 1963 miswada mikubwa ya Rais John Kennedy ilikuwa imekwama, na manung'uniko yakazagaa kwamba Seneti imekosa kiongozi. Seneta Thomas Dodd wa Connecticut, mwanachama mwenzake, alisimama ukumbini na kulalamika waziwazi kuwa uongozi ni dhaifu. Mansfield aliandika hotuba ya kujibu. Ndani yake alikiri kwamba yeye si msimamizi wa sarakasi wala mfuga simba wa Seneti. Alieleza kwamba maseneta wote ni sawa, kwamba kila mmoja anastahili heshima ile ile, na kwamba iwapo wenzake wanataka kiongozi wa namna nyingine, wamtafute. Hotuba hiyo ilipangwa kutolewa siku ya Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1963. Siku hiyo, kabla hajapata nafasi ya kuitoa, habari zilifika kutoka Dallas kwamba Rais amepigwa risasi. Mansfield alizikunja karatasi zake. Siku chache baadaye aliiwasilisha hotuba hiyo iingizwe katika kumbukumbu rasmi bila ya kuisoma. Jibu la mtu mkimya kwa walioulaumu ukimya wake likabakia kimya.

Miezi michache baadaye ukaja mtihani wenyewe. Mswada wa Haki za Kiraia, ambao ungepiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa, kazi na huduma za umma, ulikuwa umewasilishwa na Kennedy katika mwezi wa Juni 1963. Baraza la Wawakilishi liliupitisha tarehe 10 Februari 1964 kwa kura 290 dhidi ya 130. Sasa ulikuwa ukija katika Seneti, mahali ambapo miswada ya aina hiyo ilikuwa na desturi ya kufa. Kwanza kulikuwa na Kamati ya Sheria, iliyoongozwa na James Eastland wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi. Kamati hiyo ilikuwa kaburi. Pili kulikuwa na kanuni inayomruhusu seneta kusema apendavyo na kwa muda apendao. Kundi la maseneta wa Kusini, chini ya Richard Russell wa Georgia, liliweza kupokezana hotuba kwa majuma na miezi hadi wenzao wachoke. Ili kuwakata kauli zilihitajika theluthi mbili za waliopiga kura, yaani kura 67 iwapo maseneta wote 100 wangekuwapo. Kanuni hiyo ya kukata mjadala iliwekwa mwaka wa 1917, na katika miaka yote tangu hapo haikuwahi kufaulu hata mara moja kwa mswada wa haki za raia weusi.

Hapo ndipo kazi ya kila siku ilipodhihirisha uzito wake. Tarehe 26 Februari, kwa hatua ya utaratibu ambayo mgeni wa roshani asingeielewa, Mansfield aliuweka mswada moja kwa moja katika orodha ya shughuli bila ya kuupitisha katika kamati ya Eastland. Wapinzani walipinga, kura ikapigwa, hatua yake ikasimama kwa kura 54 dhidi ya 37. Tarehe 26 Machi Seneti iliamua rasmi kuuchukua mswada. Siku hiyo hiyo, katika jengo hilo la Bunge, Martin Luther King na Malcolm X, waliokuja kusikiliza mjadala, walikutana ana kwa ana na kupeana mikono. Ilikuwa mara yao ya kwanza na ya mwisho kukutana. Nao hawakukutana siku ya hotuba kubwa. Walikutana siku ya kupanga shughuli.

Kuanzia tarehe 30 Machi mafuriko ya maneno yakaanza. Wengi walimshauri kiongozi afanye kama alivyofanya Johnson mwaka wa 1960, alipoifanya Seneti ikae usiku na mchana ili wapinzani wachoke. Mansfield, aliyekuwa kiranja wa chama wakati huo, alikuwa ameona matokeo yake kwa macho. Waliochoka hawakuwa wapinzani, bali waliounga mkono. Mpinzani mmoja alisimama akisema, wenzake wakilala majumbani mwao. Lakini alipodai akidi, maseneta 51 walipaswa kuonekana ukumbini, kwa hivyo watetezi wa mswada ndio waliolala katika vitanda vya jeshi wakiwa wamevaa suruali. Isitoshe, baadhi ya maseneta walikuwa wazee, na Mansfield hakutaka sheria ya haki izaliwe juu ya jeneza la mtu. Akakataa. Vikao vikaendeshwa kwa saa za kawaida, siku baada ya siku.

Kazi iliyobakia ilikuwa ya kuhesabu vichwa. Hubert Humphrey wa Minnesota, kiranja wake, alipanga zamu za watu wa kujaza akidi kama mwalimu wa zamu anavyopanga wanafunzi. Siku moja ya mwezi wa Aprili akidi iliitishwa wakati baadhi ya maseneta wako uwanjani wakitazama mchezo wa besiboli, wakaitwa kwa kipaza sauti cha uwanja warudi Bungeni. Wakati huo huo Mansfield alijua kuwa kura za chama chake pekee hazingetosha. Zilihitajika kura za Republican, na mlango wa kura hizo ulikuwa Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa upande wa pili, mtu wa sauti nzito na mapenzi ya jukwaa. Kiongozi mwingine angemwita Dirksen ofisini mwake. Mansfield alikubali mazungumzo yafanyike katika ofisi ya Dirksen, na sifa zimwendee Dirksen. Ayatakaye mavuno hagombei jembe.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni, Robert Byrd wa West Virginia, mmoja wa wapinzani, alisema kwa saa 14 na dakika 13, akamaliza asubuhi. Kisha kura ikaitwa. Maseneta wote 100 walikuwapo. Clair Engle wa California, aliyekuwa mgonjwa wa uvimbe katika ubongo na asiyeweza tena kusema, aliletwa ukumbini katika kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa, hakuna sauti iliyotoka. Akainua mkono wake kwa shida na kulionyesha jicho lake. Katika Kiingereza, neno la jicho na neno la kukubali wakati wa kura hutamkwa sawasawa. Karani akaelewa, akaandika. Hesabu ilitimia 67 alipoitikia John Williams wa Delaware, na mwisho wake ikawa 71 dhidi ya 29. Tarehe 19 Juni 1964, mwaka mmoja kamili tangu Kennedy auwasilishe, mswada ulipita katika Seneti kwa kura 73 dhidi ya 27, na tarehe 2 Julai ukawa sheria.

Ni rahisi kukomea hapo na kusema kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini Kiswahili, kwa busara yake, hakikuiacha methali hiyo ikae peke yake. Kiliiwekea jirani, nayo ni kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Swali ambalo maisha ya Mansfield yanamwachia msomaji ni hili: matumbo ya nani? Kiongozi alikuwa na subira, na alikuwa na kiamshakinywa na kiko. Waliongojea walikuwa watu weusi wa Mississippi na Alabama. Mnamo Septemba 1963, mswada ukiwa bado katika Baraza la Wawakilishi, wasichana wanne waliuawa na bomu ndani ya kanisa mjini Birmingham. Tarehe 21 Juni 1964, siku mbili tu baada ya Seneti kupiga kura, vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa Mississippi walipokuwa wakipigania haki ya watu kujiandikisha kupiga kura. Uungwana wa ukumbini haukuwa bure. Ulilipiwa na watu wasiokuwamo ukumbini. Adabu ya kumwacha Russell na wenzake waseme hadi wakinai ilikuwa ni adabu kwa watu waliowanyima wenzao hata kiti cha mkahawa.

Hata hivyo, lawama hiyo nayo ina mpaka wake. Sheria iliyopitishwa kwa pupa na kwa hila ingeweza kupuuzwa na walioshindwa. Hii ilipita baada ya kila mpinzani kusema lake lote, na baada ya vyama viwili kuweka mikono yao juu yake. Hakuna aliyeweza kudai kuwa hakusikilizwa. Russell mwenyewe, baada ya kushindwa, aliwataka watu wa jimbo lake waitii sheria hiyo. Byrd, yule wa saa 14, alikuja kuwa kiranja wa Mansfield mwaka wa 1971, akamrithi uongozi mwaka wa 1977, na katika uzee wake akajuta hadharani kwa kuupinga mswada ule. Pengine mtu aliyenyamazishwa kwa nguvu hajuti. Hukumbuka tu kwamba alinyamazishwa.

Jambo jingine lafaa kutajwa ili sifa zisizidi kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mansfield akisaidiwa na Byrd alianzisha utaratibu wa njia mbili: mswada unaopingwa kwa hotuba ndefu uwekwe kando kwa sehemu ya siku, na Seneti iendelee na shughuli nyingine. Nia ilikuwa njema, kwani kazi za nchi zisingekwama kwa ajili ya mzozo mmoja. Lakini tangu hapo mpinzani hakuhitaji tena kusimama usiku kucha hadi miguu ivimbe, ilitosha kutishia. Mwaka wa 1975 idadi ya kura za kukata mjadala katika miswada ilipunguzwa hadi tatu ya tano, yaani 60, lakini kupinga kulikuwa kumekwisha kuwa kazi rahisi. Mlango aliofunguliwa mwenye haja moja, wenye haja elfu hupitia. Wema wa mtunza utaratibu hupimwa pia kwa watakaoutumia utaratibu huo akiwa hayupo.

Kwa msomaji wa Kenya habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Mansfield alipokuwa akihesabu kura zake, Kenya changa nayo ilikuwa na Seneti yake yenye maseneta 41, iliyoanza mwaka wa 1963. Ilivunjwa mwishoni mwa mwaka wa 1966 kwa kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Seneti ilirejeshwa na Katiba ya mwaka wa 2010, ikakutana tena mwezi wa Machi 2013, na humo Kiongozi wa Wengi husimama siku ya Alhamisi kuwaeleza wenzake shughuli za wiki inayofuata. Katiba hiyo imekifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Wanafunzi wa lugha wana desturi ya kutafuta ufasaha wa Bunge katika hotuba za kulaumu na kusifu. Yafaa wautafute pia katika maneno makavu: akidi, hoja, ratiba, pingamizi, ridhaa. Taifa lisilokuwa na maneno ya kuombana ridhaa hubakiwa na maneno ya kuamrishana tu.

Mansfield aliondoka Seneti mwaka wa 1977, akawa balozi wa nchi yake nchini Japani hadi mwishoni mwa mwaka wa 1988. Tarehe 24 Machi 1998, akiwa na umri wa miaka 95, aliitwa katika ukumbi wa zamani wa Seneti awahutubie maseneta kuhusu uongozi. Hakuandika hotuba mpya. Alitoa ile ya mwaka wa 1963, iliyokunjwa siku alipouawa Rais, akaisoma hatimaye kwa sauti. Ombi lake la kusikilizwa lilikuwa limesubiri miaka thelathini na minne, na halikupata pingamizi.

Alifariki tarehe 5 Oktoba 2001, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Jiwe la kaburi lake halitaji useneta, wala ubalozi, wala ile miaka kumi na sita ya kuongoza. Limebeba jina lake, tarehe zake, na cheo alichokuwa nacho katika kikosi cha Marine alipokuwa kijana, ambacho ni askari wa daraja la chini kabisa.